Vidonge Sita kwa Wiki

Jambo lile liligharimu vidole viwili vya mguu na cheo cha mtu mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu, na jumla haibadiliki. Vidole havikuwa vyangu, wala cheo hakikuwa changu. Mimi nilitoka mzima, na viatu vyangu vinanienea hadi leo.

Vidole vilikuwa vya dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka saba, fundi cherehani hapa Kahama. Cheo kilikuwa cha tabibu wa zahanati yetu. Naandika kwa sababu Jumamosi dada na mimi tuna safari, na kabla ya kupanda basi nina neno la kumwambia ambalo nimelikalia miaka kumi na mitatu.

Nianze na kichwa.

Dada alikuwa na kipandauso tangu usichana wake. Wapo watu wanaosema kichwa kinawauma kwa sababu wamechelewa kupata chai, hao tuwaache. Chake kilianzia machoni. Angekuwa anashona vizuri, mara anashika gurudumu la cherehani kwa kiganja, kimya, halafu anasema, "Kinakuja." Aliona mstari wa kumetameta uliopinda huku na huku kama mshono wa kuzuia nguo isichanike, ukitambaa pembeni mwa jicho. Hapo alikuwa na muda wa kumaliza pindo moja, si mawili. Kisha upande mmoja wa kichwa ulianza kupiga, pigo kwa pigo na moyo. Mwanga ulimchoma. Harufu ya vitunguu vya jirani ilimtapisha. Alijifunga khanga kichwani, akaikaza hadi ngozi ya paji ikajikunja, akalala kwenye sakafu ya saruji siku mbili, mara nyingine tatu.

Tulifanya kila kitu watu wanachofanya. Alichanjwa chale kwenye panja zote mbili. Aliumikwa kwa pembe. Alifukizwa majani ambayo muuzaji mwenyewe alikohoa kuliko mgonjwa. Chai nzito isiyo na maziwa ilimsaidia kidogo, lakini sukari yenyewe miaka ile ilikuwa ya foleni, na dada hakuweza kuinywa chungu.

Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alinisomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzake. Fundi wa sare ana mwezi mmoja tu wa maana kwa mwaka, nao ni Januari, na kipandauso kilikuwa kinaijua kalenda. Kilimlaza Januari, wateja wakahamisha vitambaa vyao kwa fundi wa mtaa wa pili. Dada alikuwa akiwasikia wakipita dirishani, hana hata nguvu ya kuwatukana.

Mimi nilikuwa nauza makufuli. Wiki mbili sokoni Kahama, wiki mbili kwa wachimbaji wa upande wa Geita. Mchimbaji anaweza kulala bila godoro, ila sanduku lake la bati lazima lifungwe. Makufuli yangu yalikuwa ya bei ya wananchi, na yalikuwa na ila moja ambayo sikuitangaza: ufunguo mmoja ulifungua mengi. Siku moja mchimbaji mmoja alinijia amefura.

"We mzee wa kufuli! Ufunguo wangu umefungua sanduku la jirani!"

"Sasa unalalamika nini? Umelipia sanduku moja, umepata mawili."

"Na wake je? Si utafungua langu?"

"Basi uwahi wewe kabla yake."

Watu walicheka, naye akacheka, basi biashara ikaisha salama. Sokoni ndivyo ilivyo. Bei ya kwanza si bei, ni salamu. Ninayotaja mimi ni mara mbili ya ile ninayoitaka. Mteja anataja nusu ya ile aliyo nayo. Tunavutana, mmoja anacheka, na kicheko ndicho muhuri. Niliishi kwa sheria hiyo hadi nikasahau kwamba kuna sehemu nyingine duniani zenye sheria zao.

Mwaka ule wa mkasa, mwezi Desemba, nilimpeleka dada zahanati. Alikuwa hawezi kusimama. Nilimlaza kwenye benchi nje, uso ndani ya khanga, nikaingia peke yangu kuongea kwa niaba yake. Tabibu alikuwa mtu mwembamba, mpole, shati lake limefungwa hadi kifungo cha shingoni. Alinisikiliza, akatoka kumwona mgonjwa, akamwangalia macho na shingo, akarudi.

"Hiki ni kipandauso hasa," alisema. "Mishipa ya damu ya kichwani inatanuka na kupiga. Ninayo dawa ya kuibana. Kidonge kimoja akiona tu ule mstari wake. Kichwa kisipotulia baada ya nusu saa, cha pili. Lakini kwa wiki nzima visizidi sita. Dawa hii inabana mishipa popote inapofika."

Katika maneno hayo yote, sikio langu lilishika neno moja. Sita.

"Kumi," nilisema.

"Sita."

"Tabibu, mgonjwa mwenyewe umemwona. Kumi."

"Sita, bwana."

"Basi nane, tusivunjiane heshima."

"Nimesema sita."

"Saba, na kimoja cha nyongeza kwa ajili ya Januari."

Akacheka. Mungu anisamehe, mtu yule alicheka. Alitikisa kichwa akasema, "Wewe siku ya kuzikwa utaomba kaburi lipunguzwe kina." Kisha akatia vidonge sita kwenye bahasha ndogo ya karatasi, akachora vijiti sita juu yake, akanikabidhi.

Nilitoka nikiwa nimesikia kicheko, na kwangu kicheko kilikuwa muhuri. Nikawaza njiani, dada ameniegemea begani: mimi mwenye makufuli naanzia mara mbili ili nijilinde. Huyu mwenye vidonge, akitaka kujilinda, ataanzia wapi? Nusu. Kwa hiyo akisema sita, kiasi chenyewe ni kumi na viwili. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili ilikubali.

Tulipofika nyumbani dada aliuliza, "Amesema ngapi?"

"Kwa wiki kumi na viwili."

Sikusema "nadhani". Sikusema "mimi naona". Nilisema tabibu kasema.

Vile sita vya bahasha vilifanya muujiza. Mstari wa kumetameta ulikuja, akameza kimoja, na baada ya nusu saa alikuwa amekaa kwenye cherehani, akigusa kichwa chake kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ameibiwa. "Kimeondoka," alisema. "Mdogo wangu, kimeondoka mchana kweupe." Sijawahi kumwona akicheka vile.

Zahanati ikaishiwa dawa ile. Mimi nikaipata kwa dereva wa malori ya kwenda Burundi, kopo zima, bila bahasha wala vijiti. Januari ikapita na kichwa hakikumlaza dada hata siku moja. Alishona sare hadi za watoto wa yule fundi wa mtaa wa pili. Nilizunguka sokoni nikijisifu kwamba makufuli ni kazi ndogo, ningetakiwa kuwa waziri wa afya.

Februari kichwa kikaanza kudai. Zamani kilikuja mara mbili kwa mwezi. Sasa kilikuja kila alfajiri, kinangoja kidonge kama mtu anayengoja posho. Akimeza, kinatulia. Dawa ikiisha mwilini, kinarudi.

"Vile kumi na viwili havitoshi," alisema. "Hebu muulize tabibu."

Nikaenda sokoni, nikakaa, nikarudi. Sikwenda kwa tabibu. Niliona aibu kupatana mara ya pili bei iliyokwisha kufungwa. Nikamwambia dada, "Amesema ukizidiwa unaweza kuongeza."

Aliongeza. Ikawa viwili kwa siku, kisha vitatu.

Mwezi wa tatu nilimkuta amekaa juani adhuhuri, jua la Kahama linalokausha hadi mate, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto.

"Vipi tena?"

"Miguu inaganda. Nikikanyaga pedali, mashavu ya miguu yanakaza kama kamba ya kisimani."

Nilishika mguu wake wa kulia. Ulikuwa baridi kama kufuli la asubuhi, na weupe wake haukuwa wa kawaida. Jirani yetu, mama mtu mzima wa Kisukuma, alikuja akainama, akaangalia, akaguna.

"Mayu, mama wee, huyu amekanyaga. Kuna mtu kamtegea dawa njiani. Fundi mwenzake huyo, kwa wivu wa Januari."

Yalikuwa maelezo mazuri kwangu, kwa kuwa hayakunihusu. Tukapoteza siku tisa kwa mtaalamu wa kuzindua miguu iliyokanyaga. Siku ya kumi kidole gumba cha mguu ule na kinachokifuata vilikuwa vyeusi, vimesinyaa, na dada alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi viwili sivisikii tena."

Tulipanda lori hadi hospitali ya misheni. Daktari, kijana mwenye mikono ya haraka, alitafuta mapigo kwenye kifundo cha mguu, akayakosa, akapanda nyuma ya goti, akayapata kwa taabu. Akauliza swali moja tu: "Anatumia dawa gani ya kichwa?" Nilimtolea kopo. Alilitikisa, akasikia jinsi lilivyokuwa tupu, akaniangalia.

Vidonge vilisimamishwa saa ile ile. Siku nne kichwa kilimpiga kuliko alivyowahi kupigwa, na alinililia nimpe kimoja, kimoja tu. Walimwekea dripu, wakamfunika miguu kwa pamba. Mguu wa kushoto ulirudi. Wa kulia ulirudi isipokuwa vile viwili. Wakavikata.

Nilipomuuliza daktari inakuwaje dawa ya kichwa ikala miguu, naye aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Makufuli? Vizuri, utanielewa haraka," alisema. "Mshipa wa damu si bomba la bati. Ukuta wake una msuli uliouzunguka kama mkanda. Juu ya msuli huo kuna vitu vidogo mno tunaviita vipokezi. Chukulia ni makufuli. Mishipa ya fahamu inatoa kemikali zake, na damu nayo inabeba nyingine, na kila kemikali ni ufunguo. Ukiingia kwenye kufuli lake, msuli unakaza au unalegea. Ndivyo ubongo unavyojigawia damu: sehemu inayofanya kazi inafunguliwa zaidi, iliyopumzika inapunguziwa."

"Na kipandauso?"

"Hapo utaratibu unavurugika, mishipa ya kichwani inatanuka na kupiga. Kidonge kile ni ufunguo wa kuchonga, umefanana na ule wa mwili. Unaingia, mkanda unakaza, pigo linatulia."

"Sasa miguu imeingiaje?"

Alinitazama kidogo. "Makufuli unayouza ni ya namna gani? Kila moja na ufunguo wake?"

Hakungoja jibu, akamalizia mwenyewe. "Makufuli ya aina ile yapo miguuni pia. Ukimeza kwa kiasi, miguu inavumilia. Ukizidisha, ufunguo unafunga kila mlango unaoukuta. Na ufunguo huu una tabia mbaya, ukishaingia hautoki upesi. Kesho yake unaongeza mwingine juu yake. Ndiyo maana tunasema sita."

Hakuongeza saba. Wala hakuwa amezungumza na tabibu wetu. Watu wawili wasiojuana, katika miji miwili, walitaja bei moja. Mfanyabiashara yeyote angejua maana yake: hiyo ndiyo bei.

Tuliporudi, ofisa wa afya alikuja kutoka wilayani kuchunguza. Tulikaa kwenye benchi lile lile la zahanati, dada na mguu wake uliofungwa bendeji, mimi pembeni yake, tabibu amesimama.

"Mama, nani alikuambia vidonge kumi na viwili?" ofisa aliuliza.

"Tabibu," dada alisema. Hakudanganya. Hivyo ndivyo alivyoambiwa. "Na akasema nikizidiwa niongeze. Mdogo wangu alikuwa ndani, muulizeni."

Tabibu alisema, "Nilisema sita. Nilirudia mara tatu, maana huyu bwana alikuwa ananipandishia."

"Anakupandishia nini?"

"Idadi. Alitaka kumi, akashuka nane, akaja saba na cha nyongeza."

Ofisa alimkodolea macho, kisha akacheka kwa sauti. "Bwana, mimi nimezunguka wilaya nzima. Nani anayepatana vidonge? Hata uongo uwe na kiasi!" Waliokaa kwenye foleni nao wakacheka. Kicheko kile kiliniokoa, na sijawahi kupata wokovu mchungu kama ule.

Ofisa akanigeukia. "Wewe, ulisikia ngapi?"

Dada aliniangalia kwa imani yote ya mtu aliyekufundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati. Tabibu naye aliniangalia. Ningesema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Mzee, siku ile nilikuwa nimechanganyikiwa na hali ya mgonjwa," nilisema. "Huenda alisema kumi na viwili."

Mimi, ninayehesabu chenji hadi ya msikitini, nilisema huenda.

Tabibu alivuliwa uongozi wa zahanati, akahamishiwa kituo kidogo upande wa ziwani, kazi ya kusafisha vidonda. Siku mbili kabla ya kuondoka alikuja kwenye meza yangu sokoni. Alitaka kufuli la sanduku. Nilitaja bei, na kwa mazoea ya ulimi nilitaja mara mbili. Hakusema kitu. Alilipa yote, bila kupunguza hata senti. Ndiye mteja pekee maishani mwangu aliyelipa bei ya kwanza. Nilishika pesa zile, nikamwangalia akienda, na sikumwita. Kufuli lenyewe lilikuwa la aina ile ile.

Dada alijifunza upya kukanyaga pedali, kwa kisigino. Mshono wake wa mwanzo ulikuwa na mwendo wa kuchechemea kama yeye. Mwaka uliofuata ukanyooka. Kipandauso kilirudi kwenye mara mbili zake za mwezi, naye akarudi kwenye sakafu ya saruji, na umri ulivyosogea kikapungua chenyewe. Kwa miaka yote hiyo, kila akivua kiatu jioni, alikuwa na neno la kusema juu ya tabibu. Kwanza alikuwa anamlaani. Baadaye akawa anamnung'unikia. Mimi nilikuwa nasikiliza nikipanga makufuli, naitikia, "Ndiyo, dada."

Mwezi uliopita alikuja mteja kutoka Chato kushonesha gauni. Katika kuongea ikajulikana kwamba tabibu yupo huko, amestaafu, analima mihogo, macho yamepungua nguvu. Mteja alipoondoka, dada alivua kiatu cha kulia.

"Nimechoka kumbeba yule mtu," alisema. "Nataka nikamsamehe kabla hatujafa. Utanipeleka."

"Chato ni mbali, dada. Tutabadilisha basi Geita. Mguu wako..."

"Mguu wangu ndio unaotaka kwenda."

Amemshonea shati. Mikono mirefu, kitambaa kizuri cha bluu, alichokificha tangu miaka ya uhaba. Juzi alisimama na futi ya kupimia shingoni, akaniuliza, "Shingo yake ingekuwa inchi ngapi? Wewe si ndiye unayekumbuka hesabu?"

"Kumi na nne na nusu," nilijibu, bila kufikiri.

"Umeona?" alisema, akakata kola. "Kichwa chako hakipotezi kitu."

Shati limekwisha, lipo kwenye mfuko mlangoni. Tiketi za basi ninazo. Nimezihesabu mara mbili, ni mbili. Nusu ya pesa ya kufuli, ile niliyomzidishia tabibu, nimeifunga kwenye karatasi, hiyo najua namna ya kuirudisha. Iliyobaki siijui. Nikimwambia dada hapa nyumbani, huenda asipande basi, na yule mzee afe akijua kuwa Kahama nzima inamwita mwongo. Nikinyamaza hadi Chato, dada atamsamehe mtu asiye na kosa, mbele yangu, na tabibu ataniangalia tena kwa macho yale ya siku ya benchi, hata kama hayaoni vizuri. Nikimwambia ndani ya basi, tutakuwa tumebanana kiti kimoja saa nyingi bila pa kukimbilia, yeye na mguu wake, mimi na yangu yenye vidole kumi.

Ninyi mliowahi kukaa na neno la namna hii, niambieni nilitoe wapi. Basi ni Jumamosi. Mkitaja jibu, sitapatana.